Mizani Nane za Baba

Bi Rahma tumemzika Ibra, huku Oman, mwezi uliopita, na siku zote tatu za msiba nilikaa kwenye chumba chake cha nyuma, maana huko mbele walijaa wanawake wa Kiarabu cha haraka na mimi mpaka leo Kiarabu cha haraka kinanichosha. Mjukuu wake, msichana anayesoma chuo kikuu, aliniletea kahawa akaniuliza, "Bibi, hii chumba zamani ilikuwa ya nani?" Nikamwambia hiki chumba kilikuwa changu kwa mwaka mzima, na akinisemea tena "hii chumba" basi kahawa yake sitainywa. Alicheka, akakaa. Watu wamezizoea hasira zangu, na wachache wanajua kwamba nyingi huzitoa ninapokaribia kulia. Nikamwonyesha palipokuwa na dirisha, ambalo siku hizi limezibwa kwa kiyoyozi, nikamweleza kwamba marehemu babu yake, kila akitaka kupiga fidla, alikuwa akisimamisha magodoro mawili pale ili majirani wasisikie. Msichana hakujua kama babu yake alipiga fidla. Akaniuliza aliipiga wapi, kwenye harusi? Nikamwambia hapana, na nikaona bora nianze mwanzo, ingawa kwa Kiswahili chake kile nusu ya maneno ilimpita. Haya ninayoyaandika hapa ndiyo niliyotaka ayasikie.

Nilifika Ibra mwaka wa sabini na saba, umri wangu miaka kumi na tisa, na kazi yangu ilikuwa kuwafasiria madaktari hospitalini. Kiingereza nilikuwa nacho cha kutosha. Kiarabu nilikuwa nacho cha msahafu na cha matusi, na baina ya hivyo viwili hapakuwa na kitu, kwa hiyo wagonjwa wa miezi ya mwanzo walinivumilia kuliko nilivyowavumilia wao. Kazi ya namna ile ningeweza kuipata Maskati, karibu na mama. Niliomba Ibra kwa sababu Maalim Nassor, mumewe Bi Rahma, alikuwa akisomesha huko, na Maalim Nassor ndiye aliyekaa na babangu chumba kimoja cha jela kule kwetu visiwani, baada ya mapinduzi. Baba alichukuliwa nikiwa na miaka sita. Alikufa humo humo kwa homa ya tumbo na hatukupewa maiti. Nguo zake hazikurudi, nyumba ilikwenda, picha zilikwenda na nyumba. Mama aliniambia jambo moja tu, tena kwa kulazimishwa: kwamba wale wafungwa wametunga muziki mle ndani, na baba alitunga kipande chake. Nilitaka kukisikia. Sikuwa na haja nyingine na Ibra, wala sikujua huko kuna mitende mingapi na mifereji ya falaji mingapi, mambo ambayo wenyeji walidhani yamenileta.

Nyumba ilikuwa ya udongo, yenye kuta nene, na jiko lake uani. Bi Rahma alipika kwa malalamiko. Papa mkavu wa Sur alikuwa mzuri kuliko wa kwetu, alikiri hilo, lakini nazi hakuna, na mchuzi wa papa kwa tui la kopo ni sawa na kuoga na kanzu. "Nchi haina nazi, hii nchi gani?" akisema, halafu huomba msamaha kwa Mwenyezi Mungu papo hapo, maana nchi hii ndiyo iliyotupokea. Maalim alikula kimya. Alikuwa mtu mwembamba, msafi kupita kiasi, anayekata kucha kila Ijumaa na kuzizika. Nilimwamkia shikamoo asubuhi na jioni, naye akaniitikia marahaba mwanangu, na wiki tatu zilipita bila ya mmoja wetu kumtaja baba.

Alkhamisi ya nne, baada ya sala ya alasiri, nikayasikia magodoro yanaburutwa. Alinitoa chumbani kwangu kwa adabu, akaniambia anataka nafasi saa moja. Nikakaa upande wa pili wa ukuta na Bi Rahma, tunachambua mchele. Alipiga bashraf, ule muziki mtupu usio na mwimbaji ambao vilabu vya taarabu vya kwetu vilifungulia shughuli. Kila bashraf ina vipande vinne, kila kimoja kinaitwa khana, na baada ya kila khana hurudi kipande kile kile kimoja ambacho wote wanakijua, kinaitwa taslim. Alipiga khana ya kwanza, ya pili, ya tatu, na taslim baada ya kila moja. Halafu fidla ikanyamaza. Nilisikia kidole chake kinagonga ubao wa fidla, taratibu, mizani kwa mizani, mpaka mizani nane zikatimia, kisha taslim ikarudi na kazi ikamalizika. Nikamtazama Bi Rahma. Aliendelea kuchambua mchele, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba wafungwa walikuwa wanne, kila mmoja khana yake, na walikula yamini kwamba hapana atakayepiga khana ya mwenziwe bila ya ruhusa yake. Wawili walitoka wakahamia nchi za mbali, wakamwandikia Maalim barua za kumruhusu. Wa nne hakutoka.

Nilimvaa Maalim kabla hajamaliza kurejesha magodoro.

"Ile ya nne ya baba?"

"Ya babako."

"Unaijua?"

"Naijua kuliko jina langu. Tumeiimba kwa midomo miezi mitano."

"Basi n'pigie."

"Siwezi, mwanangu. Hakunambia niipige."

Nilimwambia baba hawezi kumruhusu kwa sababu amekufa, kama kwamba yeye hakuwapo alipokufa. Maalim hakukasirika. Alinieleza kwamba mle ndani hawakuwa na fidla wala udi wala karatasi, walikuwa na sahani za bati na midomo yao, na kila kitu cha nje kilikuwa kimeshagawiwa watu wengine: nyumba, kazi, hata majina yao walikuwa wakiitwa kwa nambari. Wakaambizana kwamba hiki kimoja hakichukuliwi. Mwenye nacho akitaka atatoa, asipotaka basi. Leo nayaona maneno yale kuwa mazito na ya haki. Siku ile niliona mzee mkaidi ananinyima babangu, na kwa miezi miwili nilimwamkia bila ya kumtazama usoni. Bi Rahma aliniambia shikamoo yangu imekuwa kama ya mtu anayelipa faini.

Aliyeyabadilisha mambo ni daktari niliyemfasiria, Daktari Lena, Mzungu wa makamo, mrefu, mzalishaji hodari, ambaye wanawake wa Ibra walimpenda kwa sababu alikuwa na mikono ya moto na hasemi sana. Siku moja Bi Rahma alimkuta nyumbani kwake anakula dagaa wa kopo amesimama dirishani, akatoka mle ndani amefadhaika kuliko aliyeona maiti. Tangu siku ile Alkhamisi ikawa Daktari anakula kwetu. Kwa hiyo akaisikia fidla, magodoro yapo au hayapo. Alisikiliza kwa heshima zote, kisha akaniambia nimweleze Maalim kwamba waya wake mmoja umelegea, kuna sauti inatoka chini kidogo ya inapopaswa kuwa, na akienda likizo atamletea waya mpya. Maalim alikifahamu Kiingereza vizuri kuliko mimi, lakini alinijibu mimi, kwa Kiswahili. "Mwambie sauti hiyo nimeitafuta miaka kumi mpaka n'kaipata hapo hapo ilipo." Ni ile sauti ya katikati ambayo piano haina na sisi bila yake hatuna taarabu. Daktari aliomba radhi, uso umemwiva.

Wiki iliyofuata alikuja na rikoda yake na kaseti, akasema na yeye ana kitu cha fidla, kimepigwa na marafiki wa kaka yake sebuleni kwao: fidla moja, nyingine kubwa kuliko hiyo, na ile ya tatu inayokamatwa baina ya magoti. Tulikaa wanne kwenye mkeka. Muziki ukaanza, na Maalim akaweka mikono mapajani, akatulia, uso wa mtu aliyealikwa. Zikapita dakika tatu, nne. Mara sauti zinakimbizana, mara zinagongana, mara mmoja anabaki peke yake juu kabisa. Maalim akaniinamia akaniuliza kwa upole, "Hawa watamaliza saa ngapi kulinganisha waya, waanze?" Nilicheka mpaka nikatoka nje. Niliporudi, kaseti imezimwa, na Daktari Lena alikuwa ameanza kusema.

Alisema aliyetunga muziki ule ni mjomba wake, ndugu wa mama yake, na aliutunga akiwa mfungwa. Wakati wa vita vikuu Wajerumani walikusanya watu kwa maelfu katika mji mmoja mkongwe wenye kuta, wakawajaza humo kwa njaa na maradhi, na kutoka humo garimoshi likawachukua kwenda kuuawa. Miongoni mwao walikuwamo wapigaji na watungaji, na watu wale walitunga na kupiga, kwenye vyumba vya juu, madarini, hata orodha za kusafirishwa zikiwa zimeshabandikwa. Mjomba wake alimaliza kuandika, na baada ya siku chache jina lake likatoka. Alikuwa na miaka ishirini na tano. Halafu Daktari akanitazama mimi, akasema kwa Kiingereza cha polepole kwamba ukoo wa mama yake ni Mayahudi, na kwamba jambo hilo hajamwambia mtu hapa nchini.

Niliogopa, sitadanganya. Redio ya nyumba ile ilikuwa haizimwi habari za Falastini, na Maalim aliwahi kulia mbele yangu kwa habari hizo. Bi Rahma, asiyejua Kiingereza, alikuwa ananivuta mkono nimfasirie. Nikamfasiria lote, na lile la mwisho nalo. Akauliza jambo moja: "Mamaake alipata kumzika?" Nikamuuliza Daktari. Akasema hapana, hapakuwa na cha kuzika. Bi Rahma akaitikia kwa kichwa, akamsogezea sahani ya wali, akamwekea kipande cha papa kwa mkono wake, kile kikubwa alichokuwa amemwekea mumewe. Na Maalim Nassor aliuliza swali la fundi.

"Walipata wapi karatasi?"

Daktari alimweleza: mgongoni mwa orodha za zamani, kwenye karatasi za stoo, mistari imepigwa kwa mkono. Maalim akasikiliza hilo kuliko alivyousikiliza muziki wenyewe. Akaomba kaseti irudishwe mwanzo. Safari hii aliinamisha kichwa, na kila sauti ya chini ilipobaki peke yake alikuwa akifumba macho. Kwisha, akauliza tena: aliyetunga amekufa, hawa vijana waliompigia wamepewa ruhusa na nani? Daktari hakuona ugeni wa swali lile. Akasema rafiki wa marehemu alizificha karatasi, na baada ya vita akamkabidhi mama yake Daktari, dada wa marehemu, kwa kuwa hakubaki mwingine. Mama alizifungia miaka, hakutaka mtu aziguse. Mwisho akaruhusu.

Hapo ndipo nilipopata la kusema, na nilisema kwa ukali, mbele ya mgeni, jambo lisilofaa. Nilimwambia Maalim kwamba babangu hakuacha shamba wala nyumba wala kanzu ya kuvaa, ameacha khana moja, na mtu akifa alichoacha hakibaki na rafiki zake. Kina warithi. Mimi ni mwanawe wa pekee, na ruhusa nimeshaitoa.

Nadhani Maalim naye, miaka yote ile, alikuwa akitafuta mlango wa halali na haukumjia. Lakini alikuwa mwalimu wa hesabu, na mwenye kukata kucha kila Ijumaa, hakuweza kupita mlangoni bila ya kuupima.

"Wewe mtoto wa kike peke yako," akasema. "Una nusu. Mamako ana thumuni. Inayobaki ya ami yako Hamed."

Khana ina mizani nane. Nne zangu, moja ya mama, tatu za Ami Hamed wa Sur. Bi Rahma alimwita mumewe jina ambalo sitaliandika. Daktari alipofasiriwa alifikiri tunatania. Maalim akaenda kuchukua fidla, na jioni ile, jua halijatua, akanipigia mizani nne za babangu, akakata hapo, upinde hewani. Zilikuwa nzito, za huzuni, zinashuka ngazi kwa ngazi. Hazikuwa za fundi. Baba hakuwa mpigaji, alikuwa karani wa forodha aliyependa kukaa kilabuni na kuwabebea wenzake viti, na hata mimi nilisikia namna alivyoshika sauti moja kwa muda mrefu kwa sababu hakujua aende wapi. Nililia kwa kwikwi. Kisha nikataka zilizobaki, kama mtu aliyeonjeshwa chakula kwenye kijiko.

Mama aliandika mstari mmoja, kwamba fungu lake ananipa mimi na nisimkumbushe tena. Kwa hiyo nikapata ya tano, ambayo ilikuwa kama anavuta pumzi. Ikabaki Sur, na Sur ndiko kulikokuwa kugumu. Ami Hamed alikuwa kaka yake baba, alikuja Oman kabla ya mapinduzi baada ya wao wawili kugombania nyumba ya wazazi, na tangu hapo hakulitaja jina la nduguye wala hakumwandikia. Aliuza mbao na misumari. Alikuwa mtu wa sala tano msikitini na muziki kwake ulikuwa haramu tupu, hata kengele ya mlangoni hakuitaka. Daktari Lena alikuwa na siku yake ya kliniki huko kila mwezi. Tukapanda naye Landrova ya hospitali, Maalim mbele, fidla imefungwa blanketi miguuni pangu, tukapita Al Mintirib na mchanga wake mwekundu, vumbi mpaka kwenye meno. Tulipofika, Daktari akaenda kwa wagonjwa wake, na Maalim akakataa kushuka garini. Alisema yeye hana fungu, hawezi kuingia kuomba.

Niliingia peke yangu. Ami alinipa kahawa na halua, akauliza hali ya mama, akasikiliza habari yote bila ya kunikatiza, huku anazungusha tasbihi. Nilipomaliza, nikamwomba kwa adabu niliyokuwa nimeifanyia mazoezi njia nzima: kwa kuwa muziki hana haja nao, anisamehe hizo mizani tatu.

"Sikusamehe," akasema.

Nikamwambia ami yangu, mkubwa wa ukoo, kwamba alimnyima nduguye barua na sasa ananinyima mimi hata sauti ya maiti. Yeye aliweka tasbihi chini.

"Barua yake ya mwisho sikuijibu," akasema. "Aliniandikia tupatane. N'kasema nitajibu baada ya Idi. Miye muziki siutaki, lakini changu nakitaka. Mwite huyo mwenye nacho."

Maalim aliingia, wakasalimiana kama watu wanaokutana mazikoni. Alikaa juu ya mkeka, akalinganisha waya, akapiga taslim, akapiga mizani zangu nne, akapiga ile ya mama. Hapo akasimamisha upinde, akamgeukia Ami Hamed, akamwambia hizi zinazofuata ni zako, akazipiga. Sikuzitegemea. Baada ya mteremko ule wote wa huzuni, muziki uliinuka ghafla, ukawa mwepesi, kitu cha kitoto, sauti tatu za kupanda na moja ya kushuka, ikirudiwa na kurudiwa. Nilidhani Maalim amekosea. Ami Hamed alikuwa ameshika mdomo kwa mkono. Alipoutoa, alikuwa anacheka na machozi yanaingia kwenye ndevu.

"Huu si wake," akasema. "Huu wangu. Kaniibia."

Akatueleza. Walipokuwa wadogo, baba alikuwa akitumwa kununua mafuta ya taa kwa Mhindi, na njia inapita kando ya makaburi, naye mwoga. Basi Hamed husimama barazani akampigia mluzi, sauti tatu za kupanda na moja ya kushuka, asiache mpaka mtoto arudi na chupa. Bibi yao aliwachapa wote wawili, maana mluzi wa magharibi unaita majini. Maalim Nassor alisikiliza mdomo wazi. Miezi mitano wameimba naye khana ile kwenye sahani za bati, na baba hakuwaambia kwamba mizani tatu amezichukua kwa mtu mwingine bila ya ruhusa.

Niliona wivu, na wivu ule ninao mpaka leo. Nilitoka Maskati mpaka Ibra, na Ibra mpaka Sur, kwa kuwa nilitaka kusikia baba ameniita mimi, na kumbe alipokuwa na hofu alimwita kaka yake. Nilitaka kulisema hilo. Nilifungua mdomo kabisa. Lakini Ami Hamed alikuwa amekaa wima, mzee aliyekataza kengele mlangoni, ameikunja midomo yake na anapuliza, na haukutoka ila upepo, meno ya mbele hana. Akajaribu tena. Mara ya tatu mluzi ukatoka, mwembamba, umepinda. Mimi kupiga mluzi sijui. Nikaujibu kwa sauti tu, vibaya, huku nalia, na Maalim akainua upinde akatungojea tufike kwenye mizani.